Rungwe Kuna Kila Kitu, Kwa Nini Watu Wanaondoka?

Nikitaja hapa chuoni kwamba natokea Makandana, Tukuyu, jibu ni lile lile: "Aah, kwenye ndizi!" Sawa, ndizi zipo. Ila kwa sisi wa Jiografia kuna fumbo kubwa kuliko ndizi, na limekaa kwenye sensa.

Kwanza ardhi. Mlima Rungwe una mita 2,960 hivi. Ziwa Nyasa, kule Kyela, halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Katikati ni mteremko mkali, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inaushuka kwenda ziwani. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani ikiupanda mteremko huo inapoa na kumwaga mvua, ndiyo maana Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo nao ni wa volkano. Ukishuka kwa miguu utapita viazi, chai, kahawa, migomba na parachichi, halafu Kyela unakutana na mpunga na kakao.

Sasa watu. Sensa ya 2002 ilihesabu 307,270 wilayani. Ya 2012, pamoja na Busokelo, 339,157. Piga hesabu mwenyewe: ongezeko la asilimia 10 na ushee. Miaka hiyo hiyo nchi nzima ilitoka milioni 34.4 hadi 44.9, asilimia kama 30! Uzazi na vifo vina sehemu yake, lakini tazama safu ya jinsia: wanaume 161,249, wanawake 177,908. Ni wanaume 91 kwa kila wanawake 100, wakati wastani wa taifa ulikuwa 95. Wanaume wamekwenda mahali.

Wamekwenda kwa sababu rutuba haitanuki. Wilaya ina kilomita za mraba kama 2,200, kwa hiyo wastani ni zaidi ya watu 150 kwa kila moja, mara tatu ya wastani wa nchi. Na hapo umegawa pamoja na msitu wa hifadhi na mashamba makubwa ya chai, ambako hakuna anayejenga. Ukigawa kwa ardhi inayolimwa tu, msongamano unapanda sana. (Hili hutokea kwenye mtihani, wengi hulipita.)

Zamani vijana wa Kinyakyusa wa rika moja waliondoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao. Monica Wilson aliyaandika hayo baada ya utafiti wake wa miaka ya 1930. Utaratibu ule ulitaka ardhi tupu. Ilipopungua, wanaume wakafuata migodi ya Afrika Kusini na shaba ya Zambia. Siku hizi ni Mbeya mjini, mpunga wa Usangu, Dar.

Angalizo kwa wanaoandika tasnifu: msilinganishe sensa bila kutazama mipaka. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012, ukawa na 2,343,754 mwaka 2022. Hawajafa jamani, Songwe ilijitenga 2016.

Nyumbani tuko wavulana wanne na shamba halifiki ekari mbili. Sasa parachichi linasafirishwa hadi ng'ambo, na hata waliohamia mjini wanapiga simu kuulizia mipaka. Juzi kaka aliniuliza: sehemu yangu aipande yeye, au narudi? Bado sijamjibu.