Nyumba ndogo ya shambani: anza na bati

Leo naweka mbolea na viuatilifu pembeni, tuongee nyumba. Wengi wenu mmekodi au kununua shamba mbali na kwenu, na mkulima wa nyanya anayelala mbali na shamba anachelewa kumwagilia na anaibiwa pampu. Kujenga shambani naunga mkono. Tatizo langu ni ukubwa. Kila msimu nakuta mapagale ya vyumba vitatu na sebule, majani yameota mpaka dirishani, na mwenyewe anahangaika kukopa hela ya mbegu. Mtaji wake umelala kwenye msingi.

Kwa hiyo tenga kwanza gharama zote za msimu unaokuja. Kinachobaki ndicho cha nyumba, na nyumba iwe ile unayoweza kuipaua kwa mkupuo mmoja au miwili.

Mafundi wengi wanaanza na idadi ya vyumba. Mimi naanza na bati la mita 3. Chukua nyumba yenye upana wa mita 4.6 kwa nje, paa la migongo miwili, mwinuko wa nyuzi 20, na bati litoke nusu mita nje ya ukuta. Hapo bati moja linatoka kileleni mpaka ukingoni bila kukatwa wala kuungwa. Urefu fanya mita 7.4, paa litakuwa na mita 8.4. Kama kila bati linafunika sentimita 70 baada ya kupandana na mwenzake, unahitaji 12 kila upande, yaani 24 nyumba nzima, pamoja na kofia. Sasa ongeza upana nusu mita tu uone: bati la mita 3 halifiki, inabidi uunge kila mstari, au ufupishe ukingo mvua ipige ukuta.

Ndani unapata kama mita 7.1 kwa 4.3. Chumba cha kulala mita 2.6 kwa 4.3 upande mmoja. Upande wa pili, kona moja ni choo na bafu, mita 1.6 kwa 1.5, na jiko linakaa jirani yake, wazi kuelekea sebuleni. Bafu na jiko vikigawana ukuta, bomba ni moja na maji machafu yanatoka upande mmoja. Ukuta wa ndani nao ni mfupi. Kwa ukuta wa mita 2.7 kwenda juu, milango minne na madirisha manne, tofali za sentimita 45 kwa 23 ni takriban 760 juu ya msingi. Agiza 800, kuna zitakazovunjika njiani.

Mnaniletea pia picha za kwenye simu, vile vijumba vya Marekani vyenye kitanda juu ya dari na kijingazi. Vizuri kuangalia. Lakini vingi vimejengwa juu ya trela, na upana wake unabanwa na sheria za barabara, ndiyo maana kitanda kimepelekwa juu. Wewe nyumba yako haiendi popote. Na nani atalala chini ya bati mwezi wa pili? Jenga ya chini tu.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni likutane na kuta fupi. Madirisha yatazamane, hewa ipite. Sakafu ipande angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na usijenge kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ule unavimba masika, unapasuka kiangazi, na ukuta unapasuka nao. Shimo la choo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.

Hapa nitakuwa mkali kidogo: dawa za shamba hazilali na watu. Nimeingia nyumba nikakuta bomba la kupulizia chini ya kitanda cha mtoto, na mahindi yamemwagwa sakafuni pembeni yake. Jenga kibanda cha pembeni, chenye kufuli na tundu za hewa, kwa ajili ya dawa. Mahindi nayo yawe na sehemu yake kavu, juu ya chaga, la sivyo unakaribisha sumukuvu.

Chumba cha pili kitakuja. Kwenye ukuta mfupi wa chumbani mwambie fundi aweke lenta ya mlango sasa hivi, chini yake ajaze tofali za kawaida. Ukipata hela unabomoa hapo tu.

Paa hilo lina eneo la karibu mita za mraba 47. Mvua ya milimita 20 ikinyesha ni kama lita 940. Toa zinazopotea, bado unavuna zaidi ya 700. Weka gata na tenki tangu mwanzo, maji hayo yanatosha kunyweshea kitalu.

Kabla ya kuchimba msingi, piga vigingi na kamba kwa vipimo hivyo, weka kitanda na meza ndani ya kamba, tembea humo. Mlango ukigonga kitanda, sogeza kamba.