Kipandauso: Kidonge Kipi, na Tumbo Litasemaje?

Upande mmoja wa kichwa unagonga, mwanga wa dirishani unaudhi, chakula hakikai tumboni. Hicho ndicho kipandauso, na kisipotibiwa huweza kudumu saa 4 hadi siku 3. Nyumba nyingi hukikabili kwa kidonge chochote kilicho kabatini, au kile kilichomfaa jirani.

Kabla hujameza, soma maandishi madogo kwenye pakiti. Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ni parasetamoli. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, na hapo ndipo mtu humeza dozi mara mbili akidhani ametumia dawa mbili tofauti. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Kinachoumia ni ini, nalo halipigi kelele mapema.

Parasetamoli hailisumbui tumbo, na ndiyo ya kuanzia kwa mjamzito. Lakini kwa kipandauso nguvu yake ni ndogo. Katika majaribio, kati ya watu wazima 100 waliomeza miligramu 1000, kama 19 hawakuwa na maumivu baada ya saa 2. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 10. Kwa ibuprofeni ya miligramu 400, walikuwa 26 dhidi ya 12. Ndiyo, hata 26 ni wachache, ingawa wengine hupata nafuu kiasi. Anayekuapia kwamba kidonge chake kinamaliza kabisa, huenda ana bidhaa ya kuuza.

Ibuprofeni nayo ina gharama yake: vidonda vya tumbo, figo kuchoka, presha kupanda. Diklofenaki ni ya ukoo huohuo, na huuelemea zaidi moyo. Usizimeze pamoja. Mjamzito kuanzia wiki ya 20 asiziguse bila daktari. Maumivu ya kichwa yakiambatana na homa, pima malaria kwanza. Dengue ikishukiwa, baki na parasetamoli, kwa kuwa ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16.

Dawa yoyote, imeze mapema. Kipandauso kikishakolea, tumbo hupunguza kasi na kidonge hukaa humo bila kufanya kazi.

Sumatriptani ni dawa ya kipandauso, haifai kwa mgongo wala jino. Hubana mishipa ya damu, hivyo mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa asiitumie.

Sasa chukua kalenda, utie alama kila siku unayomeza. Parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, sumatriptani siku 10, kwa zaidi ya miezi 3, huzaa maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa yenyewe. Ukifika huko, mwone daktari. Zipo dawa za kuzuia, kama propranololi, ambayo mwenye pumu hapewi, na amitriptilini, inayoleta usingizi na kukausha mdomo.

Maumivu yakilipuka ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, shingo ikikakamaa pamoja na homa, mdomo ukipinda au mkono ukikosa nguvu, usitafute kidonge. Nenda hospitali, hata kama ni usiku wa manane.