Waraka Ni Nusu ya Kuonana

Likizo iliyopita nalikwenda Uganda kujifunza kazi ya kujitolea. Nataka kuwaeleza jambo moja nililojifunza huko, maana wengi wetu tutaondoka nyumbani baada ya mtihani.

Kwetu ni Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Nalivuka mto Kagera kwa daraja la Murongo, nikaingia Kikagati, nikapanda gari mpaka Mbarara. Huko tulifundishwa darasani siku kumi, kisha tukapelekwa Nakivale, wilaya ya Isingiro, kuiona kazi yenyewe. Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, karibu na ziwa la jina hilo. Wako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na Kiswahili husikika sana sokoni.

Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia habari wale wasiojua kuandika, ili zipelekwe kwa jamaa zao. Chama cha Msalaba Mwekundu kina karatasi maalum kwa kazi hiyo, wala hakuna malipo. Masharti yake ni haya:

Kwanza, huandikwa habari za jamaa tu: nani yu mzima, nani amezaliwa, nani amefariki, tunakaa wapi. Habari za vita na siasa haziandikwi, kwa kuwa barua huenda wazi na huweza kusomwa njiani. Neno moja laweza kumtia mpokeaji hatarini.

Pili, jina la mpokeaji huandikwa kamili, pamoja na la baba yake, la mama yake, na la kijiji chake. Mtu aliyekimbia hana sanduku la posta. Hutafutwa kwa kuulizia majina.

Tatu, huachwa nafasi ya jibu katika karatasi ile ile.

Siku ya tatu, mama mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini aliketi mbele yangu. Alikuwa akimtafuta mwanawe, aliyepoteana naye njiani. Nikamwuliza niandike nini. Akasema, "Andika hivi tu: Mimi mama yako ni mzima, niko Nakivale. Wewe uko wapi?" Nilipokwisha kuandika, akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, mama yako anajua uko hapa?"

Nikanyamaza. Siku kumi na tatu zilikuwa zimepita tangu nivuke mto, nami sikupeleka neno. Laini yangu ya Tanzania ilikuwa haishiki, nikasema nitatafuta ya Uganda kesho. Kesho ikazaa kesho. Mimi sikuzuiliwa na vita. Nalizuiliwa na uvivu.

Jioni ile nikaazima simu ya mwenzangu, nikafuata masharti yale yale. "Shikamoo, Mama. Mimi ni mzima. Niko Nakivale, nitarudi Jumamosi ijayo. Ninyi hamjambo?"

"Marahaba," akajibu. "Babu yako kila siku ya gulio huenda darajani kuwauliza wasafiri habari zako."

Babu hutembea kwa mkongojo.

Basi, ndugu zangu, mtakapokwenda mbali shikeni haya. Kabla ya kuondoka, patana na watu wa nyumbani siku na saa ya kupigiana simu. Kumbuka ya kuwa saa hazilingani kila mahali: ikiwa saa mbili usiku Mbarara, Goma ni saa moja. Andika namba zao katika karatasi, kwani simu huibwa au huzimika. Usingoje kuwa na habari kubwa. "Ni mzima, niko hapa, nitarudi siku fulani" yatosha. Tena uliza hali yao, usikilize jibu.

Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nilipoondoka Nakivale, yule mama alikuwa hajapata jibu bado. Sisi ambao jamaa zetu tunajua waliko, tusikawie kuwapelekea neno.