Semina ya kustaafu ng'ambo: nani anamlipa msemaji?

Waswahili waliohamia Uingereza na Marekani miaka ya themanini na tisini sasa wanafikia umri wa kustaafu, na wafanyabiashara wamekwisha kuliona hilo. Kumbi za hoteli zinakodiwa, mialiko inasambazwa kwa WhatsApp, na watu wanalipishwa kiingilio ili waelezwe namna ya kuhamishia uzee wao Mombasa, Zanzibar, Ureno au Panama. Haya ni maswali wanayoniuliza zaidi.

Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, na amebakiza miaka miwili astaafu. Tumealikwa semina ya siku mbili kuhusu kustaafu Pwani ya Kenya, kiingilio paundi 350 kwa wawili. Tutajuaje kama inastahili pesa hiyo?

Dada yangu, ombeni ratiba kabla hamjalipa. Someni majina ya wasemaji, na kwa kila jina jiulizeni: huyu analipwa na nani? Ikiwa mwenye semina ndiye anayeuza viwanja, au anapata kamisheni kila mshiriki anaponunua, basi mtakuwa mmelipa kiingilio ili muuziwe. Dalali ana haki ya riziki yake, na anaweza kuwa anaijua Kilifi au Diani kuliko mimi. Ubaya unaingia pale anapojiita mshauri na kukaa kimya kuhusu kamisheni.

Kiingilio chenyewe kina kazi ambayo wengi hawaifikirii: kinachuja. Mtu aliyekwisha kutoa paundi 350 ameonyesha kwamba ana akiba na ana nia. Kwa muuzaji wa nyumba, kupata ukumbi mzima wa watu wa namna hiyo kuna faida kubwa kuliko viingilio vyote vya siku hizo mbili. Ndiyo maana mtakuta nje ya ukumbi meza za wajenzi, mabenki, makampuni ya bima na ya kutuma pesa, na mara nyingi meza hizo zimelipiwa. Waandikieni waandaaji swali moja: mnapokea malipo au kamisheni kutoka kwa nani kati ya watakaozungumza na watakaoweka meza? Wasipojibu kwa maandishi, msilipe.

Lakini mengi yanayofundishwa humo si yanapatikana bure?

Mengi yanapatikana bure. Masharti ya viza na vibali vya ukaazi yapo kwenye tovuti za idara za uhamiaji na kwenye balozi. Uingereza, mtu mwenye miaka 50 na zaidi aliyejiwekea pensheni ya michango anaweza kupata miadi ya bure ya huduma ya serikali iitwayo Pension Wise. Kwa hiyo swali langu kwa kila semina ni kama imewaambia watu lile jambo la bure ambalo linaumiza.

Nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine vyote, nacho ni pensheni ya serikali ya Uingereza. Pensheni hiyo huongezwa kila Aprili. Aliyebaki Uingereza huongezewa. Aliyehamia nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Ufilipino, Jamaika au Morisi huongezewa pia. Aliyehamia Kenya, Tanzania au Uganda haongezewi: kiwango alichoondoka nacho, au alichoanza kulipwa akiwa kule, ndicho hichohicho mwaka baada ya mwaka maadamu anaishi huko.

Tazameni hesabu yake. Pensheni mpya ilipoanza Aprili 2016, kiwango kamili kilikuwa paundi 155.65 kwa wiki. Mwaka wa fedha 2025/26 kiwango kamili kilifika paundi 230.25. Aliyestaafu pensheni hiyo ilipoanza, Aprili 2016, akahamia Malindi alikuwa bado anapokea 155.65 wakati mwenzake wa Birmingham anapokea 230.25. Pengo hilo ni paundi 74.60 kwa wiki, karibu paundi 3,880 kwa mwaka, na linapanuka kila Aprili. Huku nyuma bei ya unga, dawa na umeme haikumngoja. Akirudi kuishi Uingereza atapewa kiwango kipya, ila wengi wanaorudi kwa sababu hiyo wamekwisha kuuza nyumba waliyokuwa nayo kule.

Nimesoma vipeperushi vingi vyenye jedwali la gharama za maisha ya Pwani kwa miaka ishirini ijayo. Ni nadra kuona jedwali lililoiacha pensheni isimame palepale. Semina isiyolitaja jambo hili, kwa watu wanaoishi kwa pensheni ya Uingereza, haifai hata ikiwa ya bure.

Nilizaliwa Tanga, nimekuwa raia wa Marekani kwa miaka mingi. Kwenye semina msemaji alisema kwa kuwa mimi ni mzaliwa, kununua kiwanja nyumbani hakuna tatizo. Ni kweli?

Kaka, hapo msemaji amekuhatarisha. Sheria inatazama pasi unayoishika, haitazami ulikozaliwa. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Bara, ambako ndiko Tanga, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa taratibu za uwekezaji. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria ili kufungua njia ya hadhi maalumu kwa wageni wenye asili ya Tanzania. Hadhi hiyo si uraia, na ina masharti yake. Mwambie wakili wako akuonyeshe kifungu chenyewe pamoja na kanuni zake kabla hujatoa hata dola moja.

Njia ambayo wengi wanaifuata ni kuandikisha kiwanja kwa jina la ndugu. Nawapenda ndugu zangu, lakini nimeona familia zikivunjika kwa njia hii. Ndugu akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake, na wajane na watoto wake hawana deni kwako wanalolijua.

Kenya mambo ni tofauti. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuomba kurudishiwa. Asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na ardhi iliyosajiliwa kuwa ya kilimo ina vizuizi zaidi. Ploti nyingi zinazotangazwa kuwa za ufukweni bado zimesajiliwa kuwa ardhi ya kilimo. Msemaji anayeichanganya Tanga na Mombasa kana kwamba sheria ni moja, kwa kuwa tu bahari ni moja, hajui anachokiuza.

Hapa Marekani kuna makongamano ya kustaafu Panama na Ureno, mengine yana kiingilio cha mamia ya dola. Wanasema maisha ni nusu bei. Vipi?

Panama kuna ukweli mwingi. Viza yao ya wastaafu kwa kawaida inataka pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi, na inakuja na punguzo kwenye nauli, hoteli na huduma kadhaa. Nchi inatumia dola ya Marekani, kwa hiyo pensheni haiyumbishwi na kubadilisha pesa. Hayo yote utayapata bila kulipa kongamano.

Ureno inahitaji tahadhari, kwa sababu mambo yamebadilika haraka kuliko vitabu vya semina. Utaratibu maarufu wa nafuu ya kodi kwa wageni wapya ulifungwa kuanzia 2024, ukibakiza kipindi cha mpito kwa wachache. Ukaazi wa kununua nyumba ulifutwa Oktoba 2023. Hispania nayo ilifunga ukaazi wa wawekezaji Aprili 2025. Mwandaaji anayekupa makabrasha yanayoyataja haya kama fursa za leo anakuuzia chakula cha jana, na huo ni ushahidi wa kutosha kuhusu uangalifu wake katika mambo mengine.

Kuna mawili ambayo kongamano la Wamarekani lisipoyatanguliza ni bora ubaki nyumbani. La kwanza, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Ukiacha sehemu B ya bima hiyo kwa kuwa unaishi ng'ambo kisha ukarudi, adhabu ya kuchelewa ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokosa, na hubaki kwenye malipo yako muda wote utakaokuwa na sehemu hiyo. La pili, raia wa Marekani hutozwa kodi kwa kipato chake popote alipo duniani. Anapaswa pia kutangaza akaunti zake za nje ikiwa jumla yake imepita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka. Marekani haina mkataba wa kuepuka kodi mara mbili na Kenya wala na Tanzania, hivyo anayerudi nyumbani anahitaji mhasibu anayejua pande zote mbili. Mwenye ukaazi wa kudumu asiye raia ana kanuni nyingine kabisa, za ukaazi wenyewe na hata za malipo ya Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani. Asikubali jibu la jumla.

Je, semina ya bure yenye chakula cha jioni si salama zaidi, maana huna cha kupoteza?

Hapana. Chakula kile kimelipiwa na mtu anayetarajia kurudisha pesa yake.

Siku ya pili walitupa ofa: ukilipa amana leo unapunguziwa asilimia 15 ya bei ya kiwanja. Tumekwisha kuijaza fomu ila hatujalipa.

Msilipe. Bei inayokufa saa kumi na mbili jioni imewekwa ili msipate usiku wa kuzungumza na watoto wenu, wala asubuhi ya kumpigia wakili. Kiwanja kama ni halali, wiki tatu zijazo kitakuwa bado halali.

Chukueni namba ya hati, basi. Mtafuteni wakili wenu wenyewe, asiwe yule aliyekaa meza ya mbele na muuzaji, naye afanye upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi. Atazame jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama, na muda wa ukodishaji umebaki miaka mingapi. Kisha mpelekeni mpima aliyesajiliwa aonyeshe mawe ya mipaka. Pwani ya Kenya kuna historia nzito ya ardhi: wenye hati walio mbali, na familia zilizoishi na kulima pale kwa vizazi bila hati. Mtu wenu aende bila muuzaji, azungumze na mzee wa kijiji na majirani, aulize nani analima pale. Hati safi juu ya shamba la watu wengine itawaletea kesi, na mimi simtakii mtu yeyote amalize uzee wake mahakamani akiwafukuza wanakijiji.

Msemaji mmoja amenishauri nihamishe pensheni yangu ya kazini kwenda mfuko wa ng'ambo. Anasema kodi ni ndogo.

Ondoka ukumbini. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2019 kupiga simu bila kualikwa kuuza mambo ya pensheni, kwa sababu watu walikuwa wanaibiwa, na baadhi ya wauzaji sasa hukutana na watu kumbini. Kuhamishia pensheni mfuko wa nje kunaweza kutozwa asilimia 25. Ikiwa pensheni yako inaahidi kiasi maalumu maisha yote na thamani yake imezidi paundi 30,000, sheria inakutaka upate kwanza ushauri wa mtu aliyeidhinishwa na FCA, msimamizi wa huduma za fedha Uingereza. Tafuta jina lake kwenye rejista ya FCA wewe mwenyewe, kwa namba ya simu iliyo kwenye rejista. Usitumie iliyo kwenye kadi aliyokupa.

Basi kuna semina inayofaa kulipiwa?

Ipo. Nimeona zenye manufaa, na dalili zake zinafanana. Wasemaji wakuu ni wakili na mhasibu wanaolipwa kwa saa, wala hawana cha kuuza zaidi ya saa zao. Kuna kikao cha mtu mmoja mmoja ambapo unaleta karatasi zako na kuondoka na hesabu yako mwenyewe. Anakaribishwa mtu aliyehamia kisha akarudi, aeleze kilichomshinda. Mara nyingi ni hospitali, upweke wa mwenzi aliyebaki peke yake, au wajukuu. Bima ya afya inazungumzwa kwa umri halisi, maana makampuni mengi yana ukomo wa umri wa kujiunga, na swali la mtu wa miaka 68 mwenye kisukari halijibiwi kwa bei ya kijana.

Halafu linganisha kiingilio na gharama ya kumlipa wakili au mhasibu moja kwa moja. Kama semina ya paundi 350 inakupa saa moja na kila mmoja wao, umepata nafuu. Kama inakupa mihadhara kumi na picha za machweo, nenda kwa wakili.

Tukiamua kutokwenda, pesa hiyo tuifanyie nini?

Iongezeni kwenye nauli, mpange nyumba pale mnapopataka kwa miezi mitatu. Msiende Desemba, wakati kila mtu yuko likizo na mji unapendeza. Nendeni kipindi chenye Aprili na Mei, masika, barabara zikiwa na maji na umeme ukikatika. Lipieni pango la kawaida, nunueni sokoni wenyewe, wala msikae kwa ndugu, kwa sababu mgeni hapangiwi zamu ya kuteka maji.

Mume wako akiwa ana dawa za presha, ziulizieni famasi tatu, bei na kama hukosekana. Nendeni hospitali mkiwa wazima, muulize daktari wa moyo anakuja siku zipi na wagonjwa mahututi hupelekwa wapi. Andikeni kila shilingi mliyotumia. Mkirudi Leicester, ziwekeni hesabu hizo pembeni ya pensheni isiyoongezeka, ndipo muamue kama nyumba yenu ya huko iuzwe au ipangishwe.