Klorini Isiachwe, Uchafu Ndio Utolewe Kwanza

Msimu wa mvua unapofika, mito hubeba majani, samadi na udongo wa mashambani, na maji yanayoingia kwenye mitambo ya kusafisha huwa na rangi ya chai. Wakati huo ndipo wakazi wengine hulalamikia harufu ya dawa kwenye mifereji na kuuliza: je, klorini husababisha saratani?

Swali hilo si la kupuuzwa. Mwaka 1974, Johannes Rook, mkemia wa huduma ya maji ya Rotterdam nchini Uholanzi, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini huzalisha kemikali mpya, ikiwemo klorofomu. Kundi hilo huitwa trihalomethani. Baadhi ya tafiti zimehusisha kunywa maji yenye viwango vya juu vya kemikali hizo kwa miaka mingi na saratani ya kibofu cha mkojo, ingawa haijathibitishwa kuwa ndizo chanzo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri klorofomu isizidi miligramu 0.3 kwa lita.

Kipindupindu, kwa upande wake, hakingoji miaka. Kinaweza kuua kwa saa chache mgonjwa asipotibiwa, na mkurupuko ulioanza Oktoba 2022 ulifika kaunti nyingi nchini. Ndiyo maana WHO inasisitiza kwamba kuua viini kusilegezwe kwa kuogopa kemikali hizi.

Kinachoweza kupunguzwa ni uchafu ambao klorini hukutana nao. Mtamboni, shabu hufanya chembe zishikane na kuzama, maji yakapita kwenye mchanga, kisha klorini ikatiwa. Utaratibu huo unafaa hata nyumbani kwa anayechota mtoni au kwenye bwawa: maji yaachwe yatulie, yamiminwe polepole bila kutibua tope, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo dawa itiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiriwa dakika 30. Dawa nyingine huelekeza kipimo kikubwa zaidi kwa maji machafu, lakini tope humaliza nguvu ya dawa na kuficha viini, kwa hivyo kuchuja kwanza ni bora.

Harufu nayo si kipimo cha trihalomethani. Harufu hafifu ya klorini huonyesha kwamba kuna dawa iliyobaki ya kulinda maji hayo yakiwa njiani na mtungini. WHO inataka ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji.

Anayechemsha maji ya mfereji huondoa pia sehemu kubwa ya klorofomu, kwa sababu hutoka pamoja na mvuke. Lakini klorini ya kinga hutoka vilevile. Maji hayo yafunikwe kwenye chombo safi, yasichotwe kwa kikombe kilichoshikwashikwa, na yatumiwe mapema.