Fulana ya marehemu na deni lake

Mpwa wangu anayeishi Philadelphia, Marekani, alikuja likizo akiwa amevaa fulana yenye picha ya kijana mweusi wa kule, mwenzake wa kazini aliyefariki. Chini ya picha kulikuwa na tarehe mbili. Ya kuzaliwa imepewa jina la macheo ya jua, na ya kufa jina la machweo. Mama yangu mdogo alipoiona aliguna: "Mjukuu wangu, maiti unamvaa kifuani?" Kijana akanyamaza.

Ndugu msomaji, swali lile ndilo lililonifanya niandike somo hili, maana wapo walio wepesi wa kuharamisha jambo kabla hawajajua limetoka wapi.

Zama za ubaguzi kusini mwa Marekani, wenye nyumba za mazishi wa Kizungu wengi ama waliikataa maiti ya mtu mweusi, ama waliihudumia kwa dharau. Weusi wakaanzisha zao. A.G. Gaston, mjukuu wa watumwa, mwaka 1923 alianzisha chama cha kuzikana katika jimbo la Alabama, na kutokana na biashara hiyo akawa tajiri mkubwa. Harlem, mpiga picha James Van Der Zee alikuwa akipiga picha za maiti wakiwa ndani ya majeneza, familia zikaziweke majumbani. Na mwaka 1955, Emmett Till, mtoto wa miaka 14, alipouawa kikatili Mississippi, mama yake aliamuru jeneza liachwe wazi mjini Chicago, na picha ikachapishwa katika jarida la Jet, lililomilikiwa na mtu mweusi.

Kwa watu wale, basi, picha ya marehemu ilikuwa ushahidi kwamba huyu naye alikuwa mtu. Vijiduka vya weusi vya leo, New Orleans na kwingineko, vinavyochapa sura ya marehemu kwenye fulana, beji, mito na blanketi, vimerithi kazi hiyo. Familia inapeleka picha asubuhi, mara nyingi ya kijana aliyepigwa risasi, na jioni inachukua fulana. Tusiwacheke.

Je, sisi Waislamu tunasemaje? Kwanza, kitu cha ukumbusho chenyewe hakina kosa. Baada ya vita vya Badr, Zaynab binti wa Mtume (SAW) alileta kidani alichopewa na mama yake, Bibi Khadija, ili amkomboe mumewe Abul-As aliyekuwa mateka. Mtume (SAW) alipokiona aliingiwa na huzuni kubwa, akawaomba Masahaba, wakiridhia, wamwachie mateka na Zaynab arudishiwe kidani chake. Aidha, aliweka jiwe kwenye kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue. Kuhusu picha, wanazuoni wamekhitalifiana juu ya picha za kamera, na ugomvi huo sitaumaliza mimi hapa. Angalau usisimame kuswali na sura ya mtu kifuani huku wenzako wakiitazama.

Lakini lililo zito zaidi ni fedha, na hili halizungumzwi. Mali ya marehemu inatoa gharama za kumzika, kisha madeni, kisha wasia, kisha ndipo warithi (4:11). Fulana haimo katika gharama za maziko. Anayeitoa katika mali ya marehemu amewatoza warithi, na ikiwa miongoni mwao kuna yatima asiyebaleghe, ridhaa yake haipo hata akiitikia kwa kichwa. Rejea onyo la aya ya 10 ya sura hiyo hiyo.

Nasema kwa sababu nimeyaona. Jirani yetu alifariki akiacha watoto watatu wadogo. Kamati ya msiba ikachukua fedha zilizokutwa sandukuni mwake, ikachapisha Kariakoo fulana 60 kwa shilingi 8,000 moja. Hiyo ni 480,000. Baada ya maziko mwenye duka la mtaani akasimama na daftari lake: marehemu anadaiwa 180,000. Watu wakatazama chini, nami nikiwemo, na fulana nilikuwa nimeshaipokea. Mtume (SAW) alipata kusita kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba. Sisi tulikuwa tumeshaswali, tukazika, tukala.

Nilimuuliza mpwa wangu ile yake ililipiwa na nani. Akasema kila mfanyakazi alinunua ya kwake kwa mshahara wake, na mama wa marehemu wakampelekea moja bure.

Deni la dukani lililipwa na shemeji wa marehemu, mwezi wa tatu baada ya maziko. Zile fulana sasa nimebaki naziona mbili tu. Moja iko kabatini kwangu. Nyingine anaivaa kijana anayeosha daladala pale kituoni, na sura imeshafutika.