Kabla ya Kununua Redio, Amua Utazungumzaje

Anayeingia katika redio ya ridhaa leo huambiwa na wengi anunue redio koli ya mkononi, kama Baofeng UV-5R. Ushauri huo unafaa Uingereza au Marekani, ambako karibu kila mji una wanaredio na ripita zinazowaunganisha. Kwa aliyeko Singida au Kitui, naupinga. Mawimbi ya VHF, yale ya megahezi 144 hadi 146 tuliyotengewa, hufika upeo wa macho na kupita kidogo tu. Kama ndani ya upeo huo hakuna mwenzako mwenye leseni, utaita mpaka ukate tamaa.

Mahali petu ni masafa mafupi, yale yale yaliyowaletea wazee wetu idhaa za Kiswahili za London na Cologne. Wimbi la bendi ya mita 20 hupanda hadi tabaka la juu la anga ambalo jua limelichaji umeme, likapinda na kurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka ulipo. Sisi wa jirani na ikweta tuna bahati: jua letu halina msimu wa kufifia, na bendi za mita 15 na mita 10 hutufungukia mara nyingi kuliko wenzetu wa kaskazini. Tena alama za wito zinazoanza na 5H ya Tanzania, 5Z ya Kenya au 5X ya Uganda husikika kwa nadra, na wapo watu Japani na Italia wanaozisaka kwa hamu. Huhitaji nguvu nyingi ili ujibiwe.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza redio gani. Anza na namna utakavyozungumza, kwani hiyo ndiyo inayoamua wati unazohitaji. Sauti ya SSB, njia ya kawaida ya kuongea kwenye masafa haya, hutandaza nguvu yako kwenye upana wa kilohezi 2.5 hivi. Morse huikusanya kwenye hezi 150 au pungufu, na FT8, njia ya kidijitali ya kompyuta, kwenye hezi 50. Wati 5 ambazo kwa sauti hazisikiki ng'ambo zinaweza kuvuka bahari kwa Morse. Mwenye pesa ya redio ya wati 20, kama Xiegu G90, aegemee Morse na FT8. Anayetaka hasa kuongea na watu atafute ya wati 100, kama Icom IC-7300, hata kwa kusubiri mwaka mzima akiweka akiba.

FT8 ilitoka mwaka 2017, kazi ya Steve Franke na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kompyuta hutuma na kupokea kwa zamu za sekunde 15, kwa hiyo saa yake isipishane na saa ya dunia hata kwa sekunde moja. Tega redio kwenye megahezi 14.074 jioni moja, rusha wito, kisha tazama kwenye ramani ya tovuti ya PSK Reporter nani amekusikia na wapi. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuijua antena yako. Ila mnabadilishana alama za wito, mahali na nguvu ya mawimbi, basi. Usikae humo muda mrefu. Utamu wa redio hii ni kumsikia mtu.

Pesa itakayobaki, na hata ile ambayo ungeongezea redio, ipeleke kwenye antena. Dipoli ya waya wa shaba inashinda vijiti vingi vya dukani. Gawanya 143 kwa megahezi unazotaka, upate urefu wote kwa mita. Kwa 14.15 ni mita 10.1, yaani kama mita 5.05 kila upande. Kata kwa kuzidisha sentimita 20 kila upande, kisha punguza kidogo kidogo huku ukipima SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, hadi iwe chini ya 1.5. Katikati ipandishe juu ya nguzo au mwanzi mrefu, na ncha zishuke kama paa la nyumba, zikae juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika, kwa maana unaporusha zina umeme mkali. Usipitishe waya jirani na nyaya za umeme za mtaani.

Kabla ya kuchagua pa kuiweka, zunguka uwanja na redio ndogo ya masafa mafupi. Inveta za sola na taa za LED za bei rahisi humwaga kelele ambayo redio ya milioni haiwezi kuiondoa. Umeme wa redio nao utoke kwenye betri nzuri ya volti 12: redio ya wati 100 hunywa kama ampea 20 inaporusha, hivyo nyaya ziwe nene na fupi.

Leseni Tanzania huitoa TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Waulize pia kuhusu kibali cha kuingiza chombo kabla hujalipa. Unaposubiri, sikiliza. Kwenye 14.100 kuna mtandao wa vituo 18 vya dunia vinavyopokezana kila dakika tatu, Kenya ikiwa na 5Z4B. Kila kimoja hutaja alama yake kwa Morse, kisha hutoa milio minne ya wati 100, 10, 1 na 0.1. Hapo utasikia kwa sikio lako wati zinafanya nini na zipi ni za bure.

Siku utakapoita kwa sauti na makumi wakujibu kwa pamoja, tangaza kwamba unasikiliza kilohezi 5 juu, chukua herufi mbili ulizozidaka za alama ya mmoja wao, mmalize huyo, kisha mwingine. Na masika yakianza kunguruma, chomoa kebo ya antena uitoe nje ya nyumba kabla mvua haijafika.